Grisi ya Baba

Gurudumu la mbele kushoto la gari lilikuwa la moto wa kuunguza, mengine yote baridi. Breki ilikuwa imeng'ang'ania diski. Fundi alipoifungua akakuta mipira inayofunika pini za breki imevimba kwa grisi isiyofaa, na juu ya grisi alama ya dole gumba lenye kovu.

Dole la baba yake, aliyemfundisha ufundi, ambaye siku hizi macho yake hayawezi kusoma maandishi ya kopo la grisi.

"Nilikupakia breki grisi juzi, ukiwa umelala," mzee akasema kutoka kitini, uso umechangamka. "Imesaidia, binti yangu?"

"Sana, baba. Bila wewe magurudumu yangeshika yote manne. Hebu njoo unishikie tochi, giza linaingia."

Mzee akaja, akamulika gurudumu la nyuma.

"Hapohapo, baba," binti akasema, akaanza kufuta grisi ya gurudumu la mbele kwa kupapasa.