Vidole vya Siwema

Tausi angesafiri kesho yake kwenda kusoma ng'ambo, na laptopu hii ndiyo angemwachia mama yake, Siwema, ili wawe wakionana kwa video. Lakini kila mama alipogusa kile kibao cha chini ya vitufe, kishale kilikataa kusogea. Wakaipeleka kwa fundi.

Fundi akagusa, kishale kikakimbia kwenye kioo. Tausi akagusa, kikakimbia.

"Nzima hii. Haya mama, jaribu."

Siwema alijifuta mkono kwenye kanga, akaweka kidole. Wapi. Akajaribu kingine, na kingine, vidole vyote kumi vilivyoponda kokoto miaka ishirini ili Tausi asome.

Fundi akachukua ndizi aliyokuwa akila, akaiburuta juu ya kibao. Kishale kikaifuata.

"Hata ndizi inatambulika! Vidole vyako vimeshakuwa mawe, mama."

Duka zima likaangua kicheko. Siwema akamtafuta mwanawe kwa macho. Tausi alikuwa amejishika mbavu.

"Ichukue, mama," alisema, akipangusa machozi. "Nikipiga, upokee kwa hiyo ndizi."

Siwema akaipokea laptopu kwa mikono miwili, taratibu, asije akaiponda.

"Na ndizi ikioza, mwanangu?"