Barakoa ya Kipusa

Mama, fundi cherehani, aliishona barakoa kubwa makusudi, ikamfunika bintiye mdogo kuanzia kidevuni hadi chini ya macho.

"Usiishushe, hata pua ikikuwasha," alimwonya.

Gauni alilomvika lilikuwa la dada mtu, Kipusa, aliyetafutiwa mfadhili ng'ambo na shirika la misaada. Ugonjwa ulikuwa umemchukua Kipusa mwezi uliopita, na shirika halikuambiwa. Tangu shule zifungwe hakuna aliyeshonesha sare, na chakula cha nyumba ile kilikuja kwa jina la Kipusa tu.

Dada wa shirika alitua mfuko wa unga mlangoni, akatoa simu.

"Mfadhili anaomba picha. Roho haijamtulia na korona hii. Haya Kipusa, nitazame."

Mtoto aliendelea kutazama sakafu.

"Kipusa!"

Dada wa shirika akainama ili amwone vizuri, na macho yake yakakwama kwenye upindo wa gauni. Nguo ya mtoto hushushwa upindo kadiri anavyokua. Huu ulikuwa umepandishwa, kwa uzi mpya.

Akamtazama mama. Mama akautazama mfuko.

Dada wa shirika akapiga picha moja, akarudisha simu mkobani.

"Mwezi ujao watakuja wenzangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mfundishe kuitika."

Alipoondoka, mama alipiga magoti mbele ya mtoto, akamnyooshea barakoa.

"Kipusa."

Mtoto akageuka nyuma kumtafuta dada yake.

"Kipusa, nakuita wewe."

"Abee, mama."