Mikono ya Ermete

Taa za korido zilizimika zote, na kila mtu akajua Ermete Baldassi amefika kazini.

"Umeshika nini tena, bwana?" fundi mmoja alipiga kelele gizani.

"Sijashika kitu! Nimesalimia tu!"

Masikini Ermete, mwanafizikia wa nadharia. Kwenye ubao hakuwa na mpinzani: mpe chaki, atakueleza tabia zote za chembe ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Lakini akisogelea mtambo, lazima kitu kife. Wenzake wa majaribio walibandika picha mbili kwenye mlango wa ukumbi wa mtambo: mbwa aliyepigwa mstari mwekundu, na chini ya mbwa, Ermete, naye kapigwa mstari. Alipoziona alicheka nao, kisha akaenda chooni akalia. Maishani alitaka jambo moja tu: awe mtu wa pande zote mbili, asubuhi apige hesabu zake, mchana aushike kwa mikono yake mtambo unaozipima.

Ndiyo maana Profesa Brigida, mkuu wa maabara, mama mwenye sauti ya asali, alipomwita ofisini hakuamini masikio yake.

"Ermete, mwanangu, nimekuchagua uwe kiungo kati ya nadharia na majaribio. Utakwenda kwa wenzetu wa mlimani, kwenye mtambo wao."

"Wale tunaoshindana nao? Si wamebakiza kidogo tu waione ile chembe kabla yetu?"

"Hao hao. Tumeandikiana mkataba wa kubadilishana wageni, na wizara imeshaupitisha. Sayansi haina uchoyo." Alimpangusa vumbi la chaki begani. "Na usione haya huko. Shika kila kitu."

Maabara nzima ilimsindikiza stesheni. Mafundi waliozoea kumkimbia walimkumbatia, mmoja akamfungia na mkate wa jibini. Ermete alilia mpaka miwani ikaingia ukungu.

Mlimani alipokewa na mkuu wa huko, Profesa Fulgenzio, mzee mpole, akapewa kahawa na kofia ngumu. Kabla hawajashuka handakini kwenye mtambo, simu ikaita. Brigida.

"Umeugusa?"

"Bado, Profesa. Nakunywa kahawa."

"Kahawa ya nini, jamani! Ule mkubwa, Ermete. Mikono miwili."

Wakashuka, akaugusa. Alifumba macho, akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma baridi, na furaha ikamjaa kifuani. Mtambo ukakohoa. Pampu zikanyamaza moja baada ya nyingine, taa zikafa mpaka kijijini, na gizani mtu akaanza kutukana kwa lahaja ya kwao.

Fulgenzio aliwasha tochi. Alimtazama Ermete, akautazama mtambo, akamtazama tena Ermete. Kisha akamshika mkono taratibu, akampeleka ofisini kwake na kufunga mlango.

Jioni Ermete alimpigia Brigida simu.

"Profesa, nimeua mtambo wa watu. Wanasema hautatengemaa mwaka mzima."

Upande wa pili kizibo cha chupa kilifyatuka, na watu wakashangilia.

"Pole sana, mwanangu!" alisema Brigida. "Ajali kazini. Wamekutimua?"

"Hata! Hawa watu wana roho nzuri, sijapata kuona. Profesa Fulgenzio kaniajiri papo hapo, nadharia na majaribio, pande zote mbili! Na safari ya kwanza ya kikazi kashanipangia."

"Safari ya wapi?"

"Hapo kwenu! Si kwa mkataba ule ule uliousaini? Jumatatu ni zamu ya huku kuleta mgeni, na mgeni mwenyewe ndiyo mimi."

Shangwe upande wa pili zikakatika.

"Ile picha ya mlangoni sasa mnaweza kuibandua," Ermete aliendelea kwa furaha. "Na usiwe na wasiwasi, Profesa, sitaona haya. Nitashika kila kitu, kama ulivyonifundisha."