Kitovu cha Binti Hoza

"Weka jembe chini. Udongo utakusikia."

"Usikie tu, baba. Nachimba shimo la kitovu, sio shamba la viazi."

Hoza alilikaba jembe kama shingo ya mwizi. Tangu kijiji kianze kulipwa ili msitu usigeuzwe mashamba, vidude vilivyofukiwa ardhini vinasikia kila jembe. Mmoja akichimba, kijiji kizima kinakosa malipo. Sasa kitovu cha binti yake kimedondoka, na hakuna pa kukizika.

"Wanaotulipa wametuma kikopo cha kukitilia," baba yake alisema. "Watamtunzia kitovu chake mjini."

"Kwa hiyo mwanangu awe mtu wa kabatini?"

"Punguza mdomo. Unga unaokula unatoka wapi?"

"Changu mimi kiko wapi?"

Mzee akanyoosha kidole msituni. "Chini ya mvule ule. Nilichimba mwenyewe."

"Basi mimi ni wa hapa. Huyu akikua, akiulizwa kwao ni wapi, aseme wapi?"

Mzee aliinamisha macho kwenye udongo. "Aseme kwa wanaotulisha," akanong'ona, kama anayeogopa kusikiwa. Akamnyang'anya mwanawe jembe, akageuka, akaenda zake.