Kitambaa Kisimani

"Bibie, hapo utapata mkojo wa kondoo tu!" mumewe alimtania, ameegemea ukuta wa mawe.

Ishbel hakumjali. Koleo lake lilikuwa limegonga jiwe bapa. Kisima kitakatifu! Kile mchungaji wa kanisa alichokifukia zamani, bonde zima la Glenarrow likakitafuta mpaka likachoka!

Alilisukuma jiwe. Likateleza kirahisi, kama mlango uliozoea kufunguliwa.

Maji yalimeremeta. Kwenye mzizi wa mti uliopenya kisimani palikuwa pamefungwa kitambaa, kama wazee walivyomfungia mgonjwa: kikioza, anapona. Kilikuwa cha buluu, chenye maua meupe. Kipande cha skafu yake, iliyopotea alipolazwa mahututi kwa kichomi.

Aligeuka. Mumewe alikuwa amevua kofia.

"Usikiguse, mke wangu," alisema. "Bado hakijaoza."