Kidole cha Mtoto

Mtoto Yesu, sanamu ndogo ya plasta, alikuwa amelazwa katikati ya kitambaa, na wote walimngoja Colleen ashike pembe mbili za upande wake.

"Shika, dada, kinywaji cha matunda kinapoa," mama mwenye nyumba alimhimiza. "Au baridi ya Kanada imekufuata mpaka huku pwani ya Meksiko?"

Watu wakacheka. Colleen naye alicheka, ila mikono haikusogea. Kila Krismasi walipokuja hapa, marehemu mumewe ndiye aliyeshika pembe hizo, wakambembeleza Mtoto kwa wimbo kabla ya kumlaza horini. Na mila ya hapa haina mchezo: anayemlaza sharti arudi Februari, amvishe nguo mpya na kuwalisha watu.

"Dada, mwaka huu nimekuja kuaga," alisema polepole. "Sirudi tena."

"Nani kakuuliza hayo? Nimesema shika."

Colleen akainama. Hapo akakiona kile kidole kidogo, kilichovunjika mwaka ule mumewe alipomwangusha Mtoto. Mume alikiunga mwenyewe kwa gundi, uso umemwiva kwa aibu, na kidole kikakaa upande, kimenyooka peke yake kama kinamwita mtu.

"Fundi alitaka kukirekebisha," mwenye nyumba akasema. "Nikamfukuza na brashi zake."

Colleen akazishika pembe mbili, akazivuta mpaka kitambaa kikakaza. Mtoto akainuka juu ya meza, na wanawake wakaanza wimbo.

"Hiyo Februari," Colleen aliuliza, "tumvishe rangi gani?"