Chini ya Mnara

Mzee Torvald Ekeblad alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo kongwe la chuo. Theluji ilimjaa mabegani, wala hakuipangusa.

Wanafunzi walimzunguka na mabango yao. Ndani, baraza la chuo lilikuwa likipiga kura: jengo libomolewe au lihifadhiwe.

"Shika kahawa, mzee wetu," alisema Tove, kiongozi wao, akamwekea na andazi la mdalasini. "Leo tunashinda."

"Usiseme hivyo, binti."

Tove akacheka. "Wazee bwana! Mnaogopa nuksi."

Walimpenda. Alikuwa amefundisha usanifu wa majengo humo ujana wake wote na uzee wake. Wakamsihi awasimulie habari za jengo, naye akasimulia, sauti kavu. Watawa ndio walioanza, wakachimba maghala ya chini na kuyaezeka kwa matao ya matofali. Karne mbili baadaye mfalme akataka mnara, ukasimamishwa juu ya matao yale yale.

"Mnara ni mzuri, sikatai," alisema. "Lakini umekalia mgongo wa mwenzake."

"Si ndiyo maana tao moja liliporomoka?" kijana mmoja aliuliza.

"Liliporomoka mchana, saa za masomo. Wakalimwagia zege, wakaziba. Walisema wakifukua, mnara wote utakuja chini."

Andazi lilikuwa limelowa theluji mapajani mwake.

"Na hawatafukua kitu!" Tove alipaza sauti, wenzake wakaitikia kwa makofi.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mkuu wa chuo, Solveig Hallberg, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mzee. Hakuutazama umati.

"Limehifadhiwa," alisema. "Halitaguswa hata tofali moja. Milele."

Kofia zikarushwa juu. Watu wakakumbatiana, wengine wakaimba. Tove alimrukia mzee shingoni, akakuta mashavu yake yamelowa machozi.

"Lia tu, mzee wetu! Umeliokoa!"

Solveig akapenya katikati yao, akapiga magoti kwenye theluji.

"Nisamehe, Mwalimu. Niliwasihi walibomoe. Nimeshindwa."

Torvald aliweka kiganja juu ya jiwe la ngazi, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa.

"Basi nitakufa," alisema, "sijamzika mwanangu."